Karatasi ya Arubaini na Moja

Mama aniuliza, tumekaa dakani, Mkomani,
miguu yake ingali na maji ya udhu:
"Huko mwisho wa dunia, kusiko na mtu wala punda,
ulikuwa wafagia nini miezi kumi na mitatu?"

Sikufagia, mama. Nilikuwa nikinasa.
Pampu moja, bomba moja lililoinua shingo juu ya theluji,
na karatasi ya duara, pana kama kisahani cha kahawa.
Hewa inapita, vumbi linabaki.
Kila Jumatatu naibandua kwa koleo,
nabana pumzi nisiichafue,
naiandika namba, naitia kwenye friji.
Ndiyo, huko nako kuna friji.

"Na imeshika nini, mbona nyeupe?"

Kwa jicho, hakuna kitu.
Iloweke, uipitishe mashineni,
itasema kama shahidi aliyechoka kuficha.
Kwanza munyu:
wimbi hupasuka, povu hurusha tone,
tone hukauka njiani, chembe ikapanda.
Ni ule ule unaokaza nguo zetu tukitoka Shela.
Kisha salfa. Bahari ile ina mimea midogo
isiyoonekana ila kwa hadubini;
kiangazi, ikishiba jua, hutoa harufu,
harufu hupanda ikawa tindikali,
tindikali ikawa chembe, na chembe ikaita mvuke
mpaka likawa wingu.

Mama acheka. "Wingu nalo lapandwa mbegu?"

Lapandwa, mama.

Kisha vumbi la nyanda kavu ng'ambo ya bahari,
lina chuma, lina alumini, lina kalisi.
Kwenye kalisi nilikuwa nikikawia.
Nilimkumbuka baba kwenye tanuri ya chokaa,
matumbawe chini, kuni za mkoko juu,
kope zake nyeupe kabla ya uzee,
na kile kikohozi kilichomtangulia nyumbani.
Najua haikuwa yake.
Grafu haina kilele cha yatima.

Na masizi. Hayo hayana pasipoti:
msitu wa nani, dizeli ya meli gani.
Machache tu, lakini juu ya weupe ule
hunywa jua, na theluji hutokwa jasho.

Sasa sikiliza hili, usimwambie Bi Rukiya.

Usiku wa Idi. Jua lilikuwa wiki ya sita halijachomoza.
Nilifungua kile kikopo ulichokificha katikati ya soksi zangu,
nikachukua kipande kimoja cha udi,
nikakichoma juu ya mfuniko wa kopo la samaki
kwa kuwa chetezo hakuna.
Mlango niliuacha wazi kidogo, kidole kimoja.
Upepo ukageuka.
Pampu ilikuwa ikipumua.

Majibu yalipotoka, potasiamu juu, kaboni juu,
na ile sukari izaliwayo mti uunguapo,
ambayo karatasi arubaini zilizotangulia
hazikuwa nayo hata chembe.
Wenzangu wakapiga makofi: moto wa msitu!
Wakatandaza ramani, wakaufuata upepo kinyumenyume
siku tatu, usiku na mchana,
wakitafuta bara linaloteketea.

Nami kimya, nakoroga chai.

Siku ya nne nikashika kalamu.
Penye *chanzo* nikaandika: mimi.
Penye *maelezo*: udi.
Ikapigwa mstari mwekundu. Haihesabiwi.
Ndiyo hii hapa, nimeiomba, wamenipa.

Mama aichukua, aigeuza,
aileta puani, avuta muda mrefu.
Hainuki, namwambia, imeshaloweshwa.

"Sukari," asema. "Ule udi niliupika kwa sukari robo kilo.
Mliipata yote?"

Si sukari hiyo, mama.

"Wajuaje?"

Chini uchochoroni punda apita na mifuko ya saruji.
Mama apitisha kidole juu ya ukingo wa kidaka,
akiinua mbele ya uso wangu, kijivu:
"Basi nambia, hili la nani?"